Kabla ya kuhesabu wati za spika, pima chumba

ANAYEPITA barabara ya Luthuli jijini Nairobi hahitaji kuonyeshwa lilipo duka la spika. Sauti humfikia kabla hajauona mlango: kwanza besi inayotikisa vioo vya makabati, kisha gitaa, kisha mwuzaji anayetaja wati kama anayenadi nyanya sokoni. Kwa muda wa dakika tano mteja huwa ameambiwa kwamba hizi ni za wati 5,000, zile za 9,000, na zile kubwa za pembeni ni za 12,000.

Anayefuata tarakimu hizo aghalabu hulipa akiba ya miezi kadhaa, akabeba sanduku hadi nyumbani, akaliweka kando ya runinga na kuwaita jamaa wasikilize. Kabla juma halijaisha huwa ameng'amua kwamba sauti aliyoisikia dukani haikuja naye. Besi inanguruma kwenye wimbo mmoja na kupotea kwenye mwingine. Maneno ya mwimbaji hayasikiki vyema. Majirani nao wameanza kugonga ukuta.

Si lazima awe ametapeliwa. Mara nyingi spika ni nzima na kilichobadilika ni chumba. Duka lina mlango wazi unaoelekea barabarani, limejaa maboksi hadi darini, na watu wanaingia na kutoka. Nyumbani kuna kuta nne za mawe, sakafu ya saruji au vigae, na dari ya zege. Sauti nene hutokana na spika na kuta hizo kwa pamoja, na chumba kinapokuwa kidogo kuta ndizo huwa na usemi mkubwa zaidi. Jambo hili halijaandikwa kwenye sanduku lolote, na ni wauzaji wachache wanaolitaja.

Wati nazo zinastahili kuchunguzwa kwanza, maadamu ndizo huwapotosha wengi. Soketi ya kawaida ya ukutani nchini Kenya hutoa umeme wa volti 240, na plagi ya pini tatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Mara 240 kwa 13 ni 3,120. Hivyo basi, kifaa chochote kinachochomekwa kwenye soketi hiyo hakiwezi kuendelea kuvuta zaidi ya takriban wati 3,000 bila fyuzi kuungua. Sanduku linalodai wati 12,000 linadai kutumia umeme wa pasi kumi na mbili za wati 1,000 kwa wakati mmoja, kupitia waya mwembamba kuliko ule wa pasi moja.

Ukweli huwa umeandikwa nyuma ya sanduku hilohilo, kwenye kibandiko kidogo kinachoeleza matumizi ya umeme. Huko aghalabu hupatikana tarakimu kama wati 60 au 80. Spika haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuingia, kwa hivyo hiyo ndiyo tarakimu ya kuaminiwa.

Tarakimu kubwa za mbele huandamana na herufi PMPO, ambazo hudaiwa kuwa kipimo cha kilele cha nguvu kwa kitambo kidogo sana. Hakuna kanuni ya kimataifa inayoeleza jinsi kipimo hicho kinavyopaswa kufanywa, kwa hivyo kila kiwanda hujiandikia kipendavyo. Herufi za kutafutwa ni RMS, ambazo hueleza nguvu ambayo amplifaya inaweza kutoa mfululizo. Marekani ililiona tatizo hili mapema. Mnamo 1974 tume yake ya biashara, FTC, ilianza kutekeleza kanuni iliyowataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu za mfululizo badala ya tarakimu za kubuni.

Swali linalofuata ni kiasi gani cha nguvu kinatosha. Jibu huwashangaza wengi. Spika nyingi za nyumbani, zikipewa wati moja tu, hutoa sauti ya desibeli 84 hadi 90 kwa anayesikiliza umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Maana yake ni kwamba jozi ya spika inayopewa wati moja moja inaweza kukijaza chumba cha kawaida kwa muziki wa desibeli 80 na zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, ili masikio yasidhurike.

Wati zinazozidi hapo hutumika pale ngoma inapopigwa kwa kishindo au tarumbeta zinapoingia ghafla. Kwa kazi hiyo, wati 20 hadi 50 za kweli zinatosha katika sebule nyingi za Kenya. Tarakimu ya desibeli kwa wati moja, ambayo hupatikana kwenye kijitabu cha spika, ina faida kubwa kuliko ile ya wati. Ongezeko la desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Spika ya desibeli 89 iliyopewa wati 25 hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 86 iliyopewa wati 50.

Kuna hofu nyingine iliyoenea kwamba amplifaya kubwa ndiyo huunguza spika. Amplifaya ndogo inayosukumwa kupita uwezo wake pia ni hatari. Hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na nguvu inayotokana na mkato huo huelekea kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikaiunguza. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguzwe mara moja, hata kama kitufe bado kiko katikati.

Sasa chumba. Hakuna mfano bora kuliko kile ambacho wapangaji wengi wa mijini wanakifahamu, chumba cha kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande. Futi kumi ni kama mita 3.05. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, na baina ya kuta mbili zinazotazamana huwa kuna noti moja ambayo wimbi lake linaenea pale barabara, likidunda huku na huku na kujiongezea nguvu. Noti hiyo hupatikana kwa kugawa 343 kwa umbali wa kuta uliozidishwa mara mbili. Kwa kuta zilizo mita 3.05, jibu ni mitetemo 56 hivi kwa sekunde, ambayo wataalamu huiita hezi 56.

Tarakimu hiyo ina balaa yake. Uzi wa pili wa gitaa la besi, ukihesabu kutoka ule mnene kabisa, hutoa noti ya A kwa hezi 55. Katika benga na rumba, ambako besi ndiyo mguu wa wimbo, noti hiyo hupigwa tena na tena. Mpangaji wa kumi kwa kumi anapocheza wimbo wenye noti hiyo, chumba huitika chenyewe. Kwa vile chumba ni mraba, urefu na upana huitika kwa noti ileile, kwa pamoja. Wimbo unaofuata, ambao besi yake iko juu au chini kidogo, husikika mkavu, na mwenye nyumba hudhani spika zimeharibika.

Zaidi ya hayo, mngurumo huo haulingani kila mahali. Huwa mkubwa kando ya ukuta na hufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana anayeketi kwenye kochi lililoegemea ukuta hulalamika kwamba besi imezidi, ilhali mwenzake aliyesimama katikati anaomba iongezwe. Wote wawili wanasema kweli.

Sebule ya futi 12 kwa 15 ina nafuu. Urefu wake huitika kwenye hezi 38 hivi na upana kwenye 47. Mingurumo miwili iliyotengana huvumilika kuliko mmoja uliorundikana. Mwenye uwezo wa kuchagua chumba cha kusikilizia muziki na aepuke kile ambacho pande zake zinalingana, au ambacho upande mmoja ni mara mbili kamili ya mwingine.

Kutokana na hesabu hizo, uamuzi wa kununua hubadilika. Katika chumba cha kumi kwa kumi, sabwufa kubwa ni hasara: huchochea noti ileile ambayo tayari chumba kinaizidisha. Jozi ya spika ndogo zenye wufa ya inchi nne au tano, ambazo besi yake huanza kupungua karibu na hezi 60 au 70, husikika safi zaidi humo, kwa kuwa chumba chenyewe huongeza kile kilichopungua.

Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikabiliwa na tatizo kama hilo. Mafundi wake walihitaji spika ya kutumia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ni finyu kuliko chumba chochote cha kupanga. Katika miaka ya 1970 walitengeneza spika waliyoiita LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi. Haikujaribu kutoa besi ya chini kabisa. Ilikusudiwa itoe sauti ya mtangazaji kama ilivyo. Hadi leo kuna wapenzi wa muziki wanaoinunua kwa bei ghali kuliko spika zenye kimo cha mtu.

Mahali pa kuziweka ni nusu ya ununuzi, na hapagharimu chochote. Ukuta huongeza besi, na pembe ya chumba, ambako kuta mbili na sakafu hukutana, huiongeza zaidi. Spika zinazonguruma zisogezwe mbele hata sentimita 30 na kuondolewa pembeni kabla ya mtu kwenda kuzirudisha dukani. Zile zenye tundu la kupumulia nyuma au mbele hupunguza mngurumo iwapo tundu hilo litazibwa kwa soksi safi. Ni jambo linalochekesha, lakini baadhi ya viwanda huuza spika zikiwa na vizibo vya sponji kwa kazi iyo hiyo.

Jozi nayo iwekwe ili spika mbili na msikilizaji wafanye pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana, twita zikiwa kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Wengi huweka spika moja juu ya kabati na nyingine nyuma ya mlango, kisha wakashangaa mbona mwimbaji hasimami katikati. Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya pande mbili mwaka wa 1931, na ufundi huo mpaka sasa hutegemea masikio mawili yafikiwe na spika mbili kwa usawa. Spika moja ya bluetooth, hata iwe ghali vipi, haiwezi kuutimiza ikiwa peke yake. Inafaa jikoni na safarini. Spika ndefu za kuwekwa chini ya runinga ni nafuu kwa anayetazama taarifa na filamu, kwa kuwa maneno husikika vyema, ila kwa muziki jozi ya kawaida yenye bei hiyo hiyo huzishinda.

Kwa anayelazimika kutumia sabwufa, kuna mbinu ya zamani ya kuitafutia mahali. Sabwufa huwekwa juu ya kiti cha msikilizaji, wimbo wenye besi inayotembea ukachezwa, kisha mwenye nyumba akazunguka chumba akiwa ameinama karibu na sakafu. Pale ambapo noti zote za besi zinasikika kwa usawa ndipo sabwufa inapofaa kukaa.

Sauti nyembamba zina shida tofauti. Vigae na kuta tupu huzirudisha kama mpira, na maneno ya mwimbaji hukorogeka. Mtu apige kofi moja katikati ya sebule. Akisikia mlio mkali unaotetema baada ya kofi, chumba kinahitaji zulia, mapazia mazito, kochi la kitambaa, au rafu ya vitabu. Fedha zinazotumika kwa zulia huleta tofauti kubwa kuliko zikiongezwa kwenye bei ya spika. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani na baadhi ya vijana wanaorekodi muziki hazisaidii kiasi kinachodhaniwa. Hutawanya sauti nyembamba kidogo, hazigusi besi, hazizuii sauti kumfikia jirani, na hushika moto upesi.

Dukani, hila kubwa kuliko zote ni ya kitufe cha sauti. Masikio ya binadamu huipendelea spika inayotoa sauti kubwa kidogo kuliko nyingine, hata tofauti ikiwa desibeli moja ambayo mtu hawezi kuitambua kama ukubwa. Mwuzaji anayetaka kuuza ile ya bei ghali huiongeza kidogo tu, na kazi imekwisha. Mteja ana haki ya kudai spika mbili anazozilinganisha zilingane kwa sauti, na vitufe vyote vya kuongeza besi virudishwe kwenye sufuri.

Macho nayo hudanganya. Floyd Toole, mwanasayansi aliyefanya utafiti wa spika kwa miaka mingi katika Baraza la Kitaifa la Utafiti la Kanada kabla ya kuhamia kampuni ya Harman nchini Marekani, alitoa pamoja na mwenzake Sean Olive matokeo ya jaribio moja mnamo 1994. Wasikilizaji 40 walipewa spika wazipe alama, zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia na pia zikiwa wazi. Zilipofichwa, spika ndogo za bei nafuu zilipata alama nzuri. Zilipoonekana, alama zake zilishuka, na zile kubwa zenye sura ya fahari zikapanda. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Mteja wa kawaida hana sababu ya kujiamini kuliko wao, na ni heri afumbe macho wakati wa kusikiliza.

Wimbo wa majaribio uwe ule ambao mnunuzi anaujua kwa moyo, aliokuja nao mwenyewe. Zile nyimbo za dukani zimechaguliwa kwa sababu huisifia kila spika. Rumba ya Kongo yenye magitaa matatu ni mtihani mzuri: spika nzuri huonyesha kila gitaa likiwa mahali pake, mbaya huyachanganya yakawa uji. Taarabu yenye fidla, kanuni na akodioni hudhihirisha iwapo sauti nyembamba zinakwaruza. Hotuba ya mtangazaji wa kiume ni mtihani mkali zaidi, kwani kila mtu anajua sauti ya mtu inavyopaswa kuwa. Akisikika kama anayezungumza ndani ya pipa, spika hiyo iachwe. Kwa upande mwingine, isitarajiwe kwamba rekodi za zamani za santuri zitatoa besi ya kutikisa kiti. Haikurekodiwa, na hakuna spika itakayoizua.

Spika kuukuu zinazoletwa kutoka Ulaya, maarufu kama ex-UK, zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mpya za bei hiyo. Hata hivyo, zikaguliwe. Ukingo unaoizunguka wufa, ukiwa wa sponji, huchakaa na kumeguka baada ya miaka kumi hadi ishirini, na joto la unyevu la Mombasa au Lamu huuharakisha. Uguswe taratibu kwa kidole. Ukiacha vumbi au kupasuka, bei ishuke kwa kiasi cha kumlipa fundi. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Wufa isukumwe ndani polepole kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili yake imepinda au kuungua. Mnunuzi pia athibitishe kwamba twita inalia kwa kuiwekea sikio, kwa sababu yapo masanduku ya bei rahisi ambayo twita zake ni pambo tu.

Nyaya zisimsumbue mtu. Kwa umbali wa mita tano, waya laini wa shaba wa milimita 1.5 mraba unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima hufanya kazi barabara.

Linabaki suala la majirani, ambalo katika nyumba za ghorofa limekwisha kuwafikisha watu kwa chifu. Besi hupenya ukuta ambao maneno hayawezi kupenya, na jirani wa chini husikia mngurumo bila kusikia wimbo. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaihusu nyumba ya mtu binafsi kama zinavyoihusu baa, na usiku viwango vyake huwa vikali zaidi. Sponji nzito chini ya sabwufa hupunguza mtetemo unaopita sakafuni, ingawa haizuii ule unaopita hewani. Spika ndogo zilizo karibu na msikilizaji, umbali wa mita moja na nusu hivi, humpa sauti ya kutosha bila kuijaza ghorofa nzima.

Kwa kuwa chumba ndicho huamua, mapatano ya maana kuliko punguzo la bei ni ruhusa ya kuzirudisha spika au kuzibadilisha baada ya kuzisikiliza nyumbani. Baadhi ya wenye maduka hukubali siku tatu au juma moja, mradi sanduku na vifungashio viwe vizima. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti, pamoja na nambari ya spika na wati za RMS alizozitaja mwuzaji, kwani Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza mwuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Na kabla ya kuondoka nyumbani kwenda dukani, mnunuzi achukue futi ya fundi, apime urefu, upana na kimo cha sebule, na tarakimu hizo tatu aziandike kwenye karatasi atakayoitia mfukoni.